Simu Zikinyamaza Ndipo Muogope: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Redio

Kwa wakurugenzi, mameneja wa vipindi na wakuu wa mauzo wa vituo vyote vilivyomwondoa mtangazaji mkongwe hewani, au vinavyojiandaa kumwondoa.

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni watu wa upande wa pili wa kioo cha studio: watayarishaji, mafundi mitambo, wapokea simu, na wale wanaochambua meseji kabla hazijafika kwenye skrini ya mtangazaji. Hatubishani na haki yenu ya kubadilisha sauti. Leseni ni yenu na mishahara mnalipa ninyi. Tena wako wakongwe waliochoka muda mrefu kabla hamjawagusa, wanaorudia mzaha ule ule, wanaofika studio kiashirio cha kipindi kikiwa tayari kinapigwa. Tulichokuja nacho ni kimoja. Kila mkongwe anapoondolewa, wasikilizaji hupiga kelele wiki mbili tatu, kisha hunyamaza, na katika kikao cha Jumatatu mtu husema, "Si mnaona? Wamezoea." Kimya hicho mnakisoma kinyume.

Anayepiga simu kulalamika redio yake bado inawaka. Amesikia sauti mpya, imemuudhi, ametafuta namba, amengoja laini ipatikane na ametumia salio lake kuwagombeza. Huyo bado ni wenu. Aliyehama hana cha kuwaambia. Amezungusha kitufe, na jina la mtangazaji wenu mpya halijui. Kwa hiyo wingi wa malalamiko wiki ya kwanza si kipimo cha hasara, na kupungua kwake wiki ya nne si kipimo cha nafuu. Hasara huonekana mahali pengine, na huko ndiko tungependa muanze kutazama.

Ripoti mnazoletewa hufunguliwa na idadi ya watu waliosikiliza kwa wiki. Idadi hiyo ni nzito kushuka kwa sababu kizingiti chake ni kifupi mno. Nchini Uingereza, RAJAR, taasisi inayopima wasikilizaji wa redio, humhesabu mtu kuwa msikilizaji wa kituo akisikiliza angalau dakika tano ndani ya robo saa moja katika wiki nzima. Nielsen, kampuni inayopima wasikilizaji Marekani, nayo ilitumia kwa miaka mingi dakika tano katika robo saa, na mwaka 2025 ikashusha hadi dakika tatu katika masoko yanayopimwa kwa kifaa cha kielektroniki. Sasa mchukueni mtu aliyekaa nanyi kila siku kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, ambaye siku hizi anapita mara moja kwa wiki kusikiliza taarifa ya habari na kuondoka. Kwa kipimo hicho hajaenda popote. Ni mtu mmoja, kama jana.

Kinachotangulia kushuka ni muda. Tufanye hesabu ya mfano. Kipindi kina wasikilizaji 100,000 kwa wiki, wastani wa saa 6 kila mmoja, jumla saa 600,000. Mkongwe huwa na wasikilizaji wake wazito, wale wa saa 15 kwa wiki. Wakiondoka 10,000 wa namna hiyo, watu wamepungua asilimia 10 lakini saa 150,000 zimekwenda, yaani asilimia 25. Na wasipoondoka kabisa, wakabaki wanasikiliza saa moja moja tu kwa wiki, watu hawajapungua hata mmoja huku saa 140,000 zimeyeyuka, karibu robo ya kipindi. Ripoti itaandika kwamba hakuna aliyehama. Mgao wa soko hukokotolewa kwa saa, na mteja wa matangazo hununua masikio yaliyopo robo saa ile tangazo lake linapopita. Mkuu wa mauzo atayaona haya miezi kadhaa baadaye, na atalaumu uchumi.

Kuna mtego mwingine ndani ya ripoti hizo hizo. Vituo vikubwa hupimwa kwa robo mwaka, lakini vidogo mara nyingi hupewa wastani wa miezi 6 au 12 kwa sababu sampuli yao ni ndogo. Kama yenu ni ya miezi 12, basi ripoti inayotoka miezi mitatu baada ya mabadiliko ina miezi tisa ya mtu mliyemwondoa. Anguko la kweli la asilimia 20 litaonekana kama asilimia 5 hivi. Meneja anayepongezwa kwa kupoteza asilimia 5 tu anapongezwa kwa jasho la mkongwe.

Msio na fedha za utafiti mnazo kumbukumbu za seva ya matangazo ya mtandaoni, ambazo katika vituo vingi hufunguliwa siku mitambo imeharibika tu. Mwambieni fundi atoe wiki nne za kabla na wiki nne za baada, kwa siku zile zile za wiki na saa zile zile. Aondoe sikukuu na siku ambazo umeme au intaneti ilikatika. Aondoe miunganisho yote iliyodumu chini ya dakika moja, kwa kuwa mingi ni mtandao unaokatika au roboti. Asihesabu anwani za IP, yaani namba za utambulisho za mtandao, akidhani anahesabu watu; kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kisha apange muda wa kila muunganisho kuanzia mfupi hadi mrefu na achukue ulio katikati ya orodha. Asitumie wastani, maana simu iliyosahauliwa ikiimba usiku kucha inaupandisha peke yake. Mwisho atazame watu wanatoka dakika ipi. Hapo awe mwangalifu: sauti ya mtandaoni hubaki nyuma ya FM kwa sekunde 20 hadi dakika nzima au zaidi, hivyo apime ucheleweshaji wenu wenyewe kwa kusikiliza vyote viwili pamoja kabla hajasema kilichowafukuza watu ni wimbo fulani.

Takwimu hizo zina upungufu wake. Wasikilizaji wa mtandaoni kwa kawaida ni vijana kuliko wa redio ya betri, na wafuasi wazito wa mkongwe wengi wako kwenye redio ya betri. Kwa hiyo mkiona hata huko mtandaoni muda wa katikati umefupika, chukulieni kwamba kwenye FM hali ni mbaya zaidi.

Turudi kwenye simu na meseji. Kwanza ondoeni marudio: namba moja iliyotuma mara 14 ni mtu mmoja mwenye hasira, si 14. Maandishi yaliyonakiliwa neno kwa neno yawekeni kando, hiyo ni kampeni, nayo ihesabiwe peke yake. Linganisheni kiasi hicho na wiki ya kawaida, kwa sababu kila kituo kina kiwango chake cha manung'uniko hata pasipotokea lolote. Halafu chukueni meseji 200 bila kuchagua, kwa mfano kila ya kumi kwa jinsi zilivyoingia, muwape watu wawili wazipange, kila mmoja peke yake, katika mafungu haya: wanaouliza mtangazaji yuko wapi, wanaolalamikia namna alivyoondolewa, wanaolalamikia kitu mahususi ndani ya kipindi kipya, wanaosema wanahama, wanaounga mkono, na matusi matupu. Wapangaji wakitofautiana katika meseji zaidi ya 40, mafungu hayajaeleweka na yaandikwe upya. Kazi nzima ni ya asubuhi moja.

Mafungu mawili ya mwanzo yanaponywa kwa maneno. La tatu ndilo la thamani, na ndilo linalotupwa, kwa kuwa wakubwa huliona kama namna nyingine tu ya kusema "turudishieni mtu wetu". Hebu tulikae kidogo.

Lalamiko la kwanza ndani yake huwa "hatumsikii vizuri huyu". Kikaoni litatafsiriwa kuwa wazee hawapendi vijana. Mara nyingi ni la ufundi. Mkongwe alikaa karibu na maikrofoni, sentimita kumi hivi, na umbali huo unanenepesha sauti. Mrithi wake amezoea kujirekodi kwa simu, anakaa mbali mara tatu ya hapo, na kila anaposoma skrini anageuza uso. Sauti inakonda, mwangwi wa chumba unaingia, fundi anapandisha kitelezi kufidia, na kompresa, kifaa cha kusawazisha ukubwa wa sauti kilicho mbele ya mtambo wa kurushia matangazo, inaunyanyua mwangwi huo juu zaidi kila anapovuta pumzi. Isitoshe, ikwalaiza ya maikrofoni ile, inayopanga sauti nene na nyembamba, ilipangwa miaka iliyopita kwa koo la mtu mmoja, na hakuna aliyeigusa tangu hapo. Mnampigisha mtu mpya kazi ndani ya koti la mwenzake.

Juu ya hilo mnaweka muziki chini ya maneno, kwa sababu wakufunzi wa mtindo mpya wanasema kimya kinaua kipindi. Sikio linalozeeka hupoteza kwanza masafa ya juu, na huko ndiko ziliko konsonanti kama s, f, t na ch. Msikilizaji wa miaka 65 anasikia kwamba mtu anaongea. Anachosema ndicho kinachopotea kwenye muziki. Tiba yake haihitaji fedha. Mtangazaji asogee, kichujio cha kukata sauti za chini kiwekwe kwenye hezi 80 hivi, ikwalaiza ipangwe upya kwa sauti yake, muziki wa chini ushushwe angalau desibeli 15 chini ya maneno au uondolewe kabisa panaposomwa matangazo ya vifo, namba za simu na anwani. Kisha msikilize kwa redio ndogo ya mkononi, sauti ikiwa ya wastani, ndani ya chumba chenye kelele. Spika kubwa za studio hazijawahi kumwambia meneja ukweli.

La pili ni "anaongea sana". Hili lipimwe kwa saa ya mkononi. Rekodi za ukumbusho za matangazo yenu mnazo, na katika nchi nyingi mdhibiti anawalazimu kuzihifadhi. Chukueni saa moja ya mkongwe na saa moja ya mrithi, siku ile ile ya wiki, muandike dakika za maneno, za muziki na za biashara, na mhesabu ni mara ngapi maneno yameanza. Msishangae mkikuta mpya anaongea dakika chache kuliko wa zamani. Tofauti iko kwenye vipande: mkongwe alikuwa na mazungumzo manne ya dakika tatu, huyu ana kumi na mawili ya dakika moja, na kila kimoja kinaanza kwa jina la kituo, jina lake, jina la kipindi na saa. Msikilizaji anasikia mtu anayejitambulisha asubuhi nzima.

La tatu ni "mmeharibu redio yetu", ambalo husikika kama tusi lakini ni taarifa sahihi. Wiki ile ile ya kubadilisha sauti, vituo vingi hubadilisha pia kiashirio, aina ya muziki, saa ya salamu, saa ya chemsha bongo, na wakati mwingine jina la kipindi. Ukihamisha mlango, taa na kitanda usiku mmoja, mwenye nyumba hupotea kwake. Watu hutumia kipindi cha asubuhi kama saa ya ukutani: kikifika kipengele fulani, watoto wawe wamevaa, kikifika kingine, anayechelewa amechelewa. Mkongwe aliijenga ratiba hiyo ndani ya vichwa vyao kwa miaka, na ni mali ya kituo kama ilivyo mnara. Ukimwondoa yeye, ibakizeni. Tunapendekeza wiki 13 ambazo kinachobadilika ni sauti peke yake: vipengele vibaki kwenye dakika zake, kiashirio kibaki, muziki ubaki. Baadaye badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkiacha wiki tatu au nne katikati. Vinginevyo kipindi kikianguka hamtajua kilichokiangusha, na mtamfukuza mtu kwa kosa la orodha ya nyimbo.

Vipo vipindi ambavyo hata hili halitavisaidia. *Je, Huu ni Ungwana?* cha Leonard Mambo Mbotela, kilichoanza mwaka 1966 kwenye Sauti ya Kenya, kilikuwa sauti yake, hoja zake na namna yake ya kuuliza. Kipindi cha aina hiyo hakirithishwi. Kikubaliwe kimefungwa, na anayekuja aje na chake.

Sasa "yuko wapi?" Hili ndilo swali rahisi kuliko yote, na ndilo mnalolikataa. Msipolijibu, litajibiwa: anaumwa, amefungwa, amekufa, amegombana na mke wa bosi. Ndani ya siku mbili uvumi unakuwa habari, na kituo cha jirani kinaisoma.

Historia ya redio ina mifano ya kutosha. Bob Edwards aliongoza *Morning Edition*, kipindi cha asubuhi cha redio ya umma ya NPR nchini Marekani, tangu ilipoanza Novemba 1979. Aliondolewa mwishoni mwa Aprili 2004, ikiwa imebaki nusu mwaka tu atimize miaka 25. NPR ilipokea malalamiko kwa makumi ya maelfu, na sababu zilizotolewa zilikuwa za jumla mno kiasi kwamba kila taarifa ilizaa maswali mapya. Kipindi hakikufa, kipo hewani hadi leo. Anayewaambia kwamba wingi wa malalamiko ni dalili ya kifo cha kipindi anakosea. Lakini Edwards mwenyewe aliajiriwa mwaka ule ule na redio ya setilaiti ya XM, akapewa kipindi chenye jina lake.

Tazameni upande wa pili. Terry Wogan alitangaza Septemba 2009 kwamba anaacha kipindi cha asubuhi cha BBC Radio 2. Mrithi, Chris Evans, alitajwa wakati huo huo. Wasikilizaji walipewa zaidi ya miezi mitatu ya kununa, Wogan akaaga mwenyewe Desemba, Evans akaanza Januari 2010, na Februari Wogan akarudi na kipindi cha Jumapili kwenye kituo kile kile. Malalamiko dhidi ya Evans yalikuwepo, tena makali. Takwimu za robo ya kwanza ya 2010 zilipanda.

Kituo hicho hicho, miaka 13 baadaye. Ken Bruce, aliyeshika saa za kabla ya mchana kwa miaka 31, alitangaza Januari 2023 kwamba anakwenda kituo shindani cha Greatest Hits Radio, na alitaka kumaliza mkataba wake mwisho wa Machi. Akaondolewa hewani mapema, tarehe 3 Machi. Mrithi, Vernon Kay, hakuanza hadi Mei, na kwa zaidi ya miezi miwili nafasi ikashikwa na mtu wa muda. Bruce alikuwa amekwishaanza kwingine tarehe 3 Aprili, akiwa na chemsha bongo yake ya PopMaster, ambayo jina lake alikuwa amelisajili yeye. Takwimu zilizofuata zilionyesha saa hizo zimepoteza wasikilizaji zaidi ya milioni moja. Hatusemi wangebaki wote mambo yangefanywa vizuri. Tunasema kwamba mtu mwenye mahali pa kwenda, msikilizaji asiye na wa kumzoea kwa wiki kumi, na kipengele kipendwacho kilicho mali ya anayeondoka, ni mambo matatu yaliyoonekana mapema.

Kuaga, basi. Tunajua hofu yenu: mtu aliyeudhika, maikrofoni wazi, mtambo unarusha. Hofu hiyo ina msingi. Novemba 2012 Danny Baker alitumia kipindi chake cha BBC London kuwachana mabosi hewani siku alipojua kipindi kinafutwa. Lakini soma mpangilio wa siku ile: habari imemfikia muda mfupi kabla ya kupanda hewani. Msimpe mtu habari ya kuondolewa siku ya kipindi. Mwambieni baada ya kipindi, siku ambayo kesho yake hayupo hewani, mkiwa na karatasi ya malipo yake tayari mkononi. Hasira nyingi za hewani ni hasira za malipo.

Mkishaelewana, mpeni nusu saa ya mwisho ya kipindi chake cha mwisho. Kama bado mnaogopa, tumieni mashine ya kuchelewesha matangazo kwa sekunde 7 hadi 10, fundi akae na kidole kwenye kitufe cha kufuta, na mtangazaji ajue hivyo. Au rekodini asubuhi ile ile. Rekodi ya wiki iliyopita msijaribu, watu hujua. Tangazo la kuondoka kwake litolewe wiki mbili kabla, litolewe saa zake mwenyewe, na lirudiwe mwishoni mwa wiki, kwa sababu msikilizaji wa Jumamosi hajui kilichosemwa Jumanne na wengi wa watu wake hawafungui kurasa zenu za mitandao. Liseme jina lake, miaka aliyokaa, tarehe ya mwisho, nani anakuja, na sababu moja ya kweli. "Tunaboresha vipindi ili kukuhudumia vyema zaidi" si sababu. Kama ni fedha, semeni ni fedha. Kama ni utovu wa nidhamu, semeni mkataba umefikia mwisho na kwamba sheria haiwaruhusu kueleza zaidi, msiseme amestaafu. Siku atakaposikika kituo kingine mtaitwa waongo, na itakuwa haki.

Anayepokea simu kituoni mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote, na ndiye anayebeba matusi yote. Mwandikieni maneno kabla ya siku yenyewe, mafupi kiasi cha kuyasema bila kusoma: "Ni kweli, haendelei na kipindi. Uamuzi ni wa uongozi. Naandika maoni yako nimpelekee meneja wa vipindi, ungependa niandike nini?" Mpeni daftari lenye safu nne: saa, alisikiliza tangu lini, anakosa nini hasa, anakubali kupigiwa tena au la. Siku tatu za kwanza wawe wawili, wakipokezana kila baada ya saa mbili. Na mlinzi wa getini aambiwe jibu hilo hilo, maana wapo watakaokuja kwa miguu.

Kwa mtangazaji mpya, kosa linalotutia simanzi zaidi ni lile la kumkataza kulitaja jina la aliyemtangulia. Msikilizaji anampigia hewani, anasema "tulimpenda sana fulani", na yeye anacheka cheka na kuingiza wimbo. Kila mtu amesikia woga. Aruhusiwe kusema alimpenda pia, na kwamba hajaja kuwa yeye. Asiambiwe aige mizaha yake wala misemo yake. Skrini yake ya meseji ichujwe na mtayarishaji kwa mwezi mzima, kwa kuwa meseji tatu za matusi zikisomwa wakati wimbo unaisha huharibu maneno yanayofuata. Na kama bado hamjamwondoa mkongwe, mrithi ashike kipindi katika likizo mbili za mkongwe kabla ya siku yenyewe. Sauti iliyokwisha kusikika mara kumi haiitwi ya mgeni.

Mambo machache ya ofisini, ambayo husahauliwa hadi yalipuke. Someni mikataba ya wadhamini: upo udhamini unaomtaja mtangazaji kwa jina, na akiondoka mteja ana haki ya kuvunja. Mpigieni mteja siku moja kabla ya tangazo la kuondoka, asisikie redioni. Hakikisheni nani anamiliki jina la kipindi, vipengele, na ukurasa wa mtandaoni wenye wafuasi. Wengi waliufungua kwa simu zao wenyewe, na ukurasa unaondoka nao. Kisha fundi aingie kwenye programu ya kupangia matangazo atafute kila kipande chenye sauti ya anayeondoka: vitambulisho vya kituo, matangazo ya vipindi, na hasa matangazo ya biashara. Hakuna linaloudhi kama kumsikia mtu mliyemwondoa Ijumaa akiwasifia sabuni Jumatatu, saa ile ile aliyokuwa akisalimia. Vipindi vyake vya zamani msivifute. Picha yake kwenye tovuti iondoeni bila haraka, baada ya wiki, si baada ya dakika kumi.

Mwisho, ratiba ya kujipima. Wiki ya pili, meseji 200. Wiki ya nne hadi ya tano, kumbukumbu za seva. Wiki ya sita, chukueni kwenye daftari la simu watu 50 waliokubali kupigiwa tena, muwaulize maswali mawili tu: jana asubuhi ulisikiliza nini, na ulizima saa ngapi? Msiwaulize kama wanampenda mtangazaji mpya. Kwa swali hilo watu hujibu kwa adabu au kwa hasira, na yote mawili hayawasaidii. Wakiwa wengi wao wanataja kituo kingine, au wanazima nusu saa mapema kuliko zamani, mmepata jibu kabla ya ripoti yoyote ya kulipia.

Wiki ya 13 kaeni muamue. Kama muda wa katikati haujarudi karibu na ulivyokuwa, anzeni na sauti ya studio, mfuate mpangilio wa vipengele, kisha muziki, kisha saa ya kipindi. Mtu awe wa mwisho kuguswa. Mkimbadilisha yeye kwanza, mrithi wa mrithi ataingia kwenye maikrofoni ile ile isiyopangwa, na ratiba ile ile iliyovurugwa, mbele ya wasikilizaji ambao safari hii hawatapiga simu.

Wenu katika kazi,

Watayarishaji, mafundi mitambo na wapokea simu